Maswali ya Ufinyanzi: Tembo Aliyepasuka na Mtungi wa Magamba ya Kauri

Nilitumia wiki mbili kumfinyanga tembo. Nilipomchoma alipasuka vipande vipande tanurini. Je, udongo ulikuwa mbaya? (Msomaji, Morogoro)

Udongo hauna kosa. Swali hili nimeshalijibu kwa twiga, kwa kobe na kwa kiboko, na jibu halibadiliki kwa kubadilisha mnyama. Ulimfinyanga tembo gogo, bila uwazi ndani, kwa hiyo maji yalibaki tumboni mwake, na moto ulipopita nyuzi 100 yaligeuka mvuke usiokuwa na njia ya kutokea. Safari ijayo, udongo ukishakaza kiasi cha kukatika kwa kisu kama sabuni ya mche, mkate katikati kwa uzi, mkombe kwa kijiko hadi ukuta ubaki na unene wa sentimita 1 hivi, kwaruza kingo, zipake uji wa udongo, kisha unganisha na utoboe tundu dogo chini ya tumbo. Mkaushe kivulini, na masikio na mkonga uvifunike kwa nailoni, kwa sababu sehemu nyembamba hukauka mapema, hujivuta na kujichana kutoka mwilini. Kabla ya kumchoma, muweke shavuni: ukihisi ubaridi, bado ana maji, na haraka yako ya kuwahi maonyesho haiwezi kuyatoa.

Nikikandamiza jani bichi kwenye sahani ya udongo, ni lazima nilitoe kabla ya kuchoma?

Si lazima, litaungua lenyewe na alama itabaki. Ila kandamiza upande wa mgongo wa jani, wenye mishipa iliyotokeza, si ule wa juu unaong'aa.

Nataka kupachika magamba ya kauri na vipande vya makombe kwenye mtungi kabla ya kuuchoma ili upate sura ya bahari. Unanishauri nini? (Msomaji, Tanga)

Nakushauri usifanye hivyo, na nasema kwa uchungu wa mtu aliyewahi kurudishiwa mtungi. Gamba la kauri na la kombe limeumbwa kwa kitu kilekile kama matumbawe ambayo watu wa pwani waliyachoma tangu zamani ili kupata chokaa ya kujengea. Likikaa katika moto wa nyuzi 900 hivi, hugeuka chokaa kavu, ambayo baadaye hufyonza unyevu wa hewa, huvimba na kuubandua udongo unaoizunguka. Mtungi wangu ulitoka tanurini ukiwa mzuri kabisa, nikauuza. Wiki ya tatu mnunuzi aliurudisha ukiwa na vishimo vilivyobanduka kama bisi, kila kimoja kikiwa na nukta nyeupe katikati. Mimi hata sikupachika makombe: nilichanganya tu mchanga wa ufukweni wenye chembe zake. Basi kandamiza kauri upate alama, kisha itoe. Na usizifuate kauri zako ndani ya hifadhi za bahari, ambako kuokota hakuruhusiwi.

Bakuli langu lenye umbo la jani nimelipaka rangi ya mafuta ya ukutani. Linafaa kwa chakula?

Halifai, hata kwa karanga.

Nimepakua picha nyingi za maua na vipepeo kwenye intaneti. Ni zipi zitafaa kuchorwa kwenye vyungu vyangu? (Msomaji, Nakuru)

Hakuna hata moja, na ninaomba maswali ya namna hii yapungue. Kipepeo wa kwenye simu ameshachorwa na mwenzako, wewe unanakili mkono wa mtu, si mdudu. Mfinyanzi Ladi Kwali wa Nigeria, ambaye picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20, alichanja kwenye mitungi yake mijusi, nge na samaki, na wote hufuata uvimbe wa tumbo la mtungi kana kwamba wanatambaa juu yake. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kujifunza ufinyanzi Abuja ya zamani (leo Suleja), alikokuwa Ladi Kwali, hachori mnyama yeyote. Hata hivyo, ukitazama vyombo vyake unaona shingo, mgongo na kibuyu, ingawa amevijenga kwa misokoto ya udongo bila gurudumu. Chukua kibuyu halisi, ufumbe macho na upitishe kiganja kutoka tumboni hadi shingoni, uone kwamba hakuna mahali penye kona. Ukishaweza kulijenga umbo hilo, ndipo uniulize kuhusu vipepeo.

Nitapataje rangi nyeusi inayong'aa bila kununua rangi? (Msomaji, Bagamoyo)

Hatimaye swali la mfinyanzi. Chombo kikikaribia kukauka, kisugue kwa kijiwe laini cha mtoni hadi king'ae, kisha ukichome kwanza kwa moto wenye hewa ya kutosha, kitoke kikiwa chekundu. Kichome tena ukiwa umekifukia kwa pumba za mpunga ndani ya debe lililofunikwa vizuri, ili moto unyimwe hewa na moshi upenye udongoni. Usifikishe nyuzi 1000, kwa maana mng'ao wa kijiwe hufa. Kwa kuni, tumia vifuu na makumbi ya nazi, uiache mikoko ilipo. Chombo cha namna hii hutoka jasho, kwa hiyo usikitilie maji ya maua juu ya meza unayoipenda.