Je, ni kosa kusikiliza Mkutano Mkuu tukila, na nguo za kulalia mwilini?

SWALI: Ndugu mwalimu, nimekulia Utah, tulifika kutoka Kongo nikiwa na miaka saba. Jumamosi za Mkutano Mkuu wa Kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Aprili na Oktoba, mama alioka mikate ya mdalasini, nasi watoto tukajifunika mablanketi mbele ya televisheni, hata uso hatujanawa. Kila tukisikia “imani” au “toba” tuliweka pipi kwenye kadi ya bingo. Jioni baba na kaka zangu walikwenda kanisani kwenye kikao cha ukuhani, cha wanaume tu, wakarudi na aiskrimu midomoni. Leo wanangu nawalea hivyo hivyo. Mume wangu, aliyekulia Lubumbashi, anasema tumeigeuza sauti ya nabii, kiongozi wa Kanisa letu, kuwa sherehe. Wao walikwenda kanisani na tai shingoni. Nami nikijipima, naikumbuka mikate kuliko mahubiri. Je, tunakosea?

JIBU: Dada yangu, kosa silioni, ila mumeo naye usimpuuze.

Fungua Mosia 2, katika Kitabu cha Mormoni. Watu wa Zarahemla walipokuja kumsikiliza Mfalme Benyamini, kila mtu alipiga hema lake kuzunguka hekalu, mlango ukilielekea, na humo akakaa na mkewe, wanawe, mabinti na wajukuu, mkubwa kwa mdogo. Andiko halisemi walivaa nini wala walipika nini, lakini familia yenye watoto wadogo haishindi hemani bila kula. Hilo halihitaji ufunuo. Watu wakawa wengi mno, mfalme akajengewa mnara. Bado sauti haikuwafikia wote, akaamuru maneno yaandikwe, yapelekwe kwa wasiosikia. Kila nikiona antena juu ya paa naukumbuka mnara ule.

Salt Lake, makao makuu ya Kanisa, nako walipita njia hiyo. Zamani asiyefika Tabernakulo, ukumbi wa Mkutano wa wakati huo, alingoja kusoma au kusimuliwa. Oktoba 1924 redio ikaanza kuuingiza Mkutano majumbani, na televisheni ikafuata Oktoba 1949. Sebule ya mama yako ina asili hapo. Hata ukumbi mpya uliofunguliwa mwaka 2000 unachukua watu 21,000 hivi, na waumini ni mamilioni. Wengi wetu kiti chetu ni cha nyumbani.

Mtu asikutishe pia kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya kufunga. Miezi ya Mkutano, mfungo husogezwa.

Sasa mumeo. Kikao kinachoanza Utah saa nne asubuhi, Lubumbashi ni saa kumi na mbili jioni. Watu wameshaoga, wameshavaa, na wengi hawakuwa na intaneti nyumbani. Skrini ilikuwa kanisani. Tai yake ilitokana na saa na umeme, kama blanketi lako lilivyotokana na baridi ya asubuhi. Zote ni desturi. Asiigeuze tai kuwa amri, nawe mikate usiigeuze amri.

Ninachokitilia shaka ni ile kadi. Mtoto anayeiwinda “toba” ili apate pipi za M&M (si Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha maandiko, ingawa kifupisho ni kimoja) huisikia toba kama kengele ya chakula. Wa miaka minne mwache; akitulia, mama anasikia. Wa miaka kumi mpe daftari, aandike swali lake mwenyewe kabla ya kikao, lile linalomkosesha usingizi, kisha asikilize kama litajibiwa. M&M 1:38 yatuambia sauti ya watumishi na ya Bwana ni sawa. Mtoto hulielewa hilo siku anapojibiwa swali ambalo hakumwambia mtu.

Na kuhusu kuikumbuka mikate: je, unaikumbuka mikate peke yake, au na mama, na nyumba inavyonukia, na nyote mmeelekea upande mmoja? Watoto wa Zarahemla, naamini, walilikumbuka hema kabla ya hotuba.

Oktoba ijayo mwombe mumeo ndiye akande unga. Tai aivae akitaka, ila aiepushe na siagi.