Lantana yangu haitoki uani, niing'oe kwa nini?

SWALI: Nimeizungushia nyumba yangu ua wa lantana kwa miaka sita sasa. Huupogoa mara kwa mara, haujavuka mpaka, na vipepeo hawaishi kuufuata. Juzi mgeni aliniambia niung'oe kwa sababu unaharibu misitu. Mmea uliopo uani unaharibuje msitu?

JIBU: Mgeni wako amesema kweli, msomaji wetu, na tatizo haliko kwenye matawi unayoyapogoa bali kwenye matunda. Ukikitazama kishada kwa karibu, utaona maua ya katikati ni ya manjano ilhali ya pembeni, yaliyotangulia kuchanua, yamekwisha kugeuka ya waridi au mekundu. Hayo yakipukutika huacha vitunda vya kijani ambavyo vikiiva huwa vyeusi na kung'aa. Ndege huvila, kisha mbegu huangukia chini ya mti wowote watakaotua, ukingoni mwa msitu au kando ya mto, ambako mkasi wako haufiki.

Asili ya lantana ni nchi za joto za Amerika. Ilifika Ulaya katika karne ya 17, na watunza bustani wakaizalisha kwa kuchanganya aina mbalimbali, hivi kwamba magugu yanayosumbua leo kwa sehemu kubwa ni uzao wa bustani zenyewe. Hawaii iliipokea kama pambo mwaka 1858; kufikia 1902 wadudu walikuwa wakiagizwa kutoka Mexico ili waishambulie, na hadi leo haijatoweka huko.

Porini hujisuka ikawa kichaka kisichopenyeka. Kivuli chake, pamoja na kemikali zinazotoka kwenye majani na mizizi yake, huzuia miche ya mimea ya asili isikue, nyasi zikapungua na wanyama wakakosa malisho. Moto ukipita, lantana huchipua upya kutoka shinani. Ng'ombe na kondoo wanaoila huharibika ini, na ngozi yao huungua kwa jua. Kuhusu vipepeo, ni kweli kwamba hunywa nekta yake, lakini viwavi wa wengi wao hula majani ya mimea ya asili, ile ile inayosongwa na lantana.

Usiikate usawa wa ardhi, kwani huko ni kuipogoa tu. Vaa glavu, maana matawi yana vijimiba vilivyopinda. Kusanya kwanza vishada vyenye vitunda kwenye mfuko, halafu chimba na ukate mzizi mkuu sentimita kadhaa chini ya udongo, kisha uligeuze shina, mizizi ikae juu, lisishike tena ardhi. Baada ya kila mvua utakuta miche mipya. Ukiwa na shaka, sugua jani moja kati ya vidole: la lantana hukwaruza na hutoa harufu kali.