Mikia ya mwani huenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Skuli tulitazama maji ya kijani ya bwawa kwa hadubini. Vidudu vya kijani vyenye mikia miwili vilikuwa vikiogelea, lakini vyengine vimetulia, havina mikia, na ndani vimegawika vinne. Mikia imekwenda wapi?
Asha, Wete, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Una jicho zuri. Wengi hawavijali hivyo vilivyotulia. Huenda ni Chlamydomonas, mwani wa seli moja, au jamaa yake. Mikia hiyo ni mijeledi. Seli huivuta ndani kabla ya kugawanyika, maana vishina vyake vinahitajika kupanga mgawanyiko. Hutoka watoto 2, 4, 8 au zaidi, na kila mmoja huota mijeledi yake. Kazi hiyo hufanyika zaidi usiku, kwa hiyo mwombeni mwalimu wenu mtazame magharibi ikishaingia.

Wasimamizi wa kazi hii ya kuvuta mijeledi na kugawanyika ni pamoja na protini ziitwazo kinasi. Kinasi hubandika fosfati, kipande kidogo cha kemikali, kwenye protini nyengine, ikaiwasha au kuizima kama swichi ya taa. Inayonivutia mno ni CNK2, kinasi mojawapo ya Chlamydomonas. Ikizidi, mijeledi hufupika, ikipungua, hurefuka, na hiyo hiyo inahusika na ukubwa ambao seli hufikia kabla ya kugawanyika. Mjeledi na mgawanyiko vina msimamizi mmoja!

Na si mambo ya bwawani tu. Jamaa za CNK2, yaani kinasi za Nek1 na Nek8, zikiharibika kwa panya, figo hujaa vifuko vya maji. Seli za figo zetu nazo zina kijeledi kimoja kimoja.