Inyime maji kipupwe chote

Mhariri,

Swali lenu la wiki limetoka kwa msomaji wa Dodoma. Dada huyu alinunua kaktasi ndogo ikiwa na maua, akaiweka dirishani, na tangu yale maua yanyauke mwaka umepita bila hata tumba moja kuonekana. Mmea ni mzima, anasema, tena umenenepa. Afanye nini?

Naona wengi watamwambia aongeze kitu: maji, mbolea, dawa ya dukani. Mimi namwambia apunguze. Kaktasi iliyonenepa na haichanui mara nyingi ni ile inayonyweshwa mwaka mzima bila kupumzishwa.

Kabla ya hapo afanye upelelezi kidogo, maana kuna kaktasi ambazo hazikuwahi kuchanua hata siku ile zilipouzwa. Wauzaji wengine hubandika ua kavu la rangi kichwani mwa mmea kwa gundi ya moto. Ua halisi la kaktasi ndogo nyingi hufunguka juani, hujifunga jioni, na baada ya siku chache limekwisha. Lililokaa wazi miezi, usiku na mchana, rangi ileile, ni la gundi, na gundi hiyo imekaa palepale mmea unapokulia. Na kama "ua" lenyewe ni bonge jekundu au la njano lililokaa juu ya shina la kijani lenye pembe tatu, hilo nalo si ua. Ni kaktasi nzima isiyo na umbijani (ile rangi ya kijani ya mimea), haiwezi kujitengenezea chakula, kwa hiyo imebebeshwa juu ya shina la kaktasi nyingine, kama tunavyobebesha miembe. Mtindo huo ulianzia Japani mwaka 1941, pale Eiji Watanabe alipoona miche ya rangi ya ajabu katika kitalu chake, na leo Korea Kusini inauza mimea hiyo duniani kote. Ikifika miaka michache, hufa. Asijilaumu.

Pia atazame kama ni kaktasi kweli. Mmea wa miiba unaoitwa taji la miiba, wenye vijiua vyekundu karibu mwaka mzima, si kaktasi. Ni ndugu wa mnyaa, na ukimkwaruza anatoa maziwa ambayo yakiingia jichoni ni balaa. Kaktasi asili yao ni Amerika, isipokuwa moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoning'inia mitini na kuota yenyewe hata katika misitu yetu. Mipungate tunayoiona imejaa vichakani ililetwa na watu.

Sasa tuchukulie alichonacho ni Mammillaria, kwa sababu ndizo zinazouzwa sana: duara, vinundu vidogo vilivyojipanga kwa mizunguko, mwiba kwenye ncha ya kila kinundu. Nyingi zinatoka Meksiko. Kule nyanda za juu mvua hunyesha kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba, kisha hufuata miezi ya ukame na usiku wa baridi, na ukame huo ukielekea mwisho, joto linaporudi, ndipo zinapochanua. Dada yetu akiangalia kalenda ya Dodoma atakuta mambo ni yaleyale, ila yamegeuzwa: mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha ukame mrefu ambao katikati yake kuna kipupwe, na usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 13. Hali ya hewa anayoihitaji anayo mlangoni. Kinachoikinga kaktasi yake isiifikie ni nyumba, pamoja na kikombe chake cha maji cha kila Jumamosi.

Ikifika Juni aache kumwagilia. Juni, Julai, Agosti, hata tone. Aitoe jikoni au sebuleni kwenye joto la watu na televisheni, aiweke barazani chini ya paa, mahali pa jua la asubuhi na ubaridi wa usiku. Itasinyaa kidogo, itapoteza ule ung'avu, na wageni watamuuliza mbona anaua mmea. Awaache waulize. Kaktasi hufungua vinyweleo vyake, yaani vitundu vya kupumulia, usiku, hewa ikiwa imepoa, na kuvifunga mchana ili isipoteze maji. Mwili wote ule umejengwa kwa ajili ya miezi kama hiyo. Kinachoiua ni maji na baridi vikikutana, kwani hapo mizizi huoza, na utagundua siku ukiishika ikalegea mkononi.

Septemba joto likianza kupanda aipe maji kidogo, asubiri wiki moja hivi, kisha ainyweshe mpaka maji yatoke chini ya chungu. Matumba hayatakuja utosini kabisa. Yatachomoza katikati ya vinundu, kwa duara linalozunguka kichwa, na mara nyingi kwenye sehemu iliyokua msimu uliopita. Hili watu hulisahau: kama mwaka jana haikukua, hakuna pa kutolea maua mwaka huu. Kwa hiyo msimu wa mvua isinyimwe maji, inyweshwe vizuri kila udongo unapokauka kabisa. Adhabu ni ya kipupwe tu.

Jua nalo lina hesabu yake. Maelekezo mengi yaliyoandikwa na watu wa Ulaya husema dirisha la kusini, na kwao ni sahihi. Dodoma, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kusini kipupwe halipati miale kabisa. Achague dirisha la mashariki, linalopata jua la asubuhi miezi yote, au la kaskazini kwa miezi hiyo ya ukame. Na hivi vioo vyeusi vya madirisha ya aluminiamu, ambavyo siku hizi kila nyumba mpya inavitaka, vinakula mwanga kuliko tunavyodhani. Kaktasi iliyoanza kuchongoka kichwani, nyembamba juu na pana chini, inalia giza. Ila asiitoe ghafla kutoka gizani kwenda jua la saa saba, itaungua, na doa la kuungua halifutiki. Aisogeze taratibu kwa wiki mbili tatu.

Udongo, kwa kifupi: nusu yake iwe changarawe au mchanga mkubwa wa mtoni (wa baharini una chumvi), na chungu kiwe na tundu. Huku kwetu Mbeya tunachanganya mawe mepesi ya volkano kutoka upande wa Rungwe na hakuna kinachoyashinda. Mbolea ya kukuzia, yurea na jamaa zake, iachiwe mahindi.

Nisije nikawadanganya wasomaji wa Dar es Salaam kwamba haya yote yatawafaa. Wifi yangu wa Tabata amekuwa akiniomba chipukizi la Mammillaria hahniana yangu, ile yenye nywele nyeupe za kizee na taji la maua ya waridi, na nimemkatalia. Si uchoyo. Usiku wa kipupwe Dar huishia kwenye nyuzi 18 au 19, na mmea wa milimani namna ile utaishi, lakini maua yake yatakuwa ya kubahatisha. Nimempa Mammillaria prolifera, ambayo porini inapatikana hadi Kuba na Hispaniola, kwenye joto la visiwa. Ni ndogo, inazaa watoto mpaka inajaza chungu, maua yake ya rangi ya krimu si ya kutisha jirani, ila yanakuja. Naye pia huinyima maji Julai na Agosti.

Na kama kaktasi ya dada yetu ni ile ya vipande bapa vinavyoning'inia bila miiba, asifuate ushauri wangu wa kiu. Hiyo ni Schlumbergera, mmea wa misitu ya milima ya Brazili ulioshikilia matawi ya miti. Haitaki kukauka kabisa, inataka kivuli chepesi, usiku mrefu wenye giza kamili na ubaridi. Taa ya sebuleni inayowaka hadi saa sita usiku inatosha kuinyima maua. Matumba yakishatoka asiigeuzegeuze wala kuihamisha, yatadondoka.

Akifanikiwa na Mammillaria, miezi kadhaa baada ya maua ataona vijitunda vyekundu vyembamba vimechomoza kati ya vinundu. Asivifikiche akidhani ni ugonjwa. Vinaliwa, vina uchachu kidogo, na mbegu zake nyeusi au za kahawia akizipanda juu ya mchanga wenye unyevu, bila kuzifukia, zitaota wiki chache baadaye.

Msomaji wenu, Mbeya