Je, kibarua cha kuchimba mifupa ya kale ni halali?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Kendu Bay. Msimu huu nimepata kibarua kwa watafiti wanaochimba visukuku upande wa Rasi ya Homa. Kazi yangu ni kuchekecha udongo na kutenga chochote kinachofanana na mfupa au jino. Mzee mmoja msikitini ameniambia pesa hiyo ni haramu, eti nawasaidia watu kuthibitisha kwamba Nabii Adam alikuwa nyani. Mwingine kasema mifupa hiyo ikiwa ni ya watu, ni wajibu wetu kuikafini na kuizika. Nina mke na watoto wawili. Nifanye nini? Tena mapumziko yetu ni saa saba mchana: yafaa niswali palepale penye machimbo?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Nianze na kinachokukosesha usingizi: ujira wako ni halali. Umeajiriwa kuchekecha udongo, nawe wachekecha udongo. Asili ya kazi ya mikono ni uhalali mpaka ije dalili ya kuiharamisha, na mzee wetu, Allah amhifadhi, hakukutajia dalili. Alikutajia hofu. Hofu yake naielewa, lakini hofu haiharamishi riziki ya mtu.

Sasa tutazame ni nini hasa kinachotoka ardhini huko kwenu, maana wengi wanaogombana juu ya jambo hili hawajapata kusimuliwa habari yenyewe. Mwaka 2023 watafiti walitangaza walichokikuta Nyayanga, kwenye rasi hiyo hiyo: zana za mawe 330, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na magego mawili ya kiumbe wa kale anayekaribiana na mtu, wanayemwita Paranthropus. Umri wake wanauweka kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, na hawakuukisia tu. Wamesoma, pamoja na mambo mengine, mwelekeo wa sumaku uliobaki ndani ya matabaka ya udongo tangu yalipotua. Mwaka 2025 wakaongeza kwamba baadhi ya mawe yale yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13. (Kama nyama ya kiboko ni halali, tafadhali, hilo tuliweke siku nyingine.) Wala si jambo geni katika nchi yetu ya ziwani. Kisiwani Rusinga, mwaka 1948, mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita.

Watafiti wenyewe hawasemi kwamba mtu alizaliwa na huyu nyani unayemwona akiiba mahindi shambani. Wanasema mtu na sokwe wana asili moja ya zamani sana. Kauli hiyo tutaijadili, lakini kwanza tuinukuu kama ilivyo. Kumsingizia mtu neno kisha ukalijibu kwa kelele si kuitetea dini. Imam Ghazali, mwanazuoni wetu wa kale, alipozungumzia hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi alionya kwamba anayezipinga akidhani anaitetea dini huwa ameidhuru, kwa sababu aliyezipima hesabu zile hataacha kuziamini. Ataanza kuitilia shaka dini.

Nikupe kisa cha huko huko kwenu. Mwaka 1932 mtafiti Louis Leakey alipata kipande cha taya pale Kanam, akatangaza kwamba amempata babu wa kweli wa mwanadamu, mkongwe kuliko wote. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akaja kutoka Uingereza kuona mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyoweka kama alama havikuwepo tena, na picha aliyokuwa amewaonyesha watu ikagundulika ni ya mahali pengine. Boswell akaandika hivyo hivyo, waziwazi, na dai lile likaanguka.

Sisi tuliosoma elimu ya hadithi twakielewa kisa hiki haraka. Matini, yaani maneno yenyewe, ilikuwepo; isnadi, yaani msururu wa wapokezi, haikuwepo. Mfupa usiojulikana umetoka tabaka gani ni kama hadithi isiyojulikana imepokewa kwa nani: huenda ni kweli, lakini huwezi kuitolea hukumu. Basi fahamu kwamba ukiwa na chekecheke mkononi, wewe ni mpokezi wa kwanza katika msururu ule. Ukiokota jino ukasema limetoka shimo hili ilhali limetoka lile, umetoa ushahidi wa uongo. Ukilitia mfukoni ukamuuzia mtalii, umekula amana, na pia umevunja Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Hapo ndipo pesa yako ingeingia haramu, si kwenye kuchekecha. Mwenyezi Mungu anatukataza katika Suratul Israi, aya ya 36, tusifuate tusilo na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Aya hiyo inamhusu mchimbaji, na inamhusu mzee wetu pia.

Ama Adam, alayhi salaam. Msimamo wangu, nao ndio wa jumla ya wanazuoni waliotutangulia, ni kwamba Allah alimuumba kwa udongo bila baba wala mama. Aya ya 59 ya Aali Imran inamfananisha Isa naye: alimuumba kwa udongo, kisha akamwambia "Kuwa", akawa. Fikiria: tabibu angempima Isa mwili wake, angekuta mwili wa mtu kama watu wengine, na kwa kanuni ya kazi yake angeandika kwamba ana baba. Asingekuwa mwongo. Kipimo chake hueleza ada ya maumbile. Muujiza hauingii katika mizani ile. Wako Waislamu wasomi leo wanaozifasiri aya hizi kwa njia nyingine ili zilingane na nadharia ya mageuko. Sikubaliani nao, wala siwakufurishi.

Lakini kama kulikuwa na viumbe wengine wenye kutembea kwa miguu miwili kabla ya Adam, Qurani haikusema walikuwepo wala haikusema hawakuwepo. Iliponyamaza, nami nanyamaza. Nimesikia wahubiri wakiikimbilia aya ya 30 ya Al-Baqara, pale malaika walipouliza juu ya atakayemwaga damu, wakaifanya dalili ya visukuku. Wafasiri wa mwanzo waliitaja hapo habari ya majini, hawakutaja magego. Na miaka je? Qurani haikutaja tarehe ya kuumbwa Adam. Hesabu ya miaka elfu sita si itikadi yetu, kwa hiyo mtafiti akisema mafuvu ya watu yaliyopatikana Jebel Irhoud kule Moroko yana miaka kama 300,000, hajagusa nguzo yoyote ya imani yako. Hata neno "zamadamu" wanalolitumia waandishi wa Kiswahili kwa viumbe hawa limembeba Adam kabla swali halijajibiwa. Mimi nasema "viumbe wa kale", inatosha.

Kuhusu kuzika: hukumu za janaza ni za binadamu, yaani wana wa Adam, na jino la Paranthropus halina dalili ya kuliingiza humo. Hakuna kafani wala swala. Kaburi la mtu ni jambo jingine. Hyrax Hill pale Nakuru, alipochimba Mary Leakey miaka ya 1937 na 1938, yalikutwa makaburi ya watu wa kale hasa. Ukikuta kitu kama hicho, simamisha mkono wako, uwaite wasimamizi, na ukumbuke hadithi ya Abu Dawud kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Si lazima awe Mwislamu ndipo umheshimu.

Na swala yako ya adhuhuri, iswali hapo hapo. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, amesema ardhi yote amefanyiwa msikiti na kitohara. Ila usitayamamu ilhali ziwa liko mbele ya macho yako, na mkeka wako utandike nje ya zile kamba walizozungushia mashimo.