Unayetaka kukodi ndege ya Caravan ya safari za Pemba: usisaini hizo saa 80

Usisaini. Nimelisoma swali lako niko foleni ya mafuta Amani, mpaka gari ya nyuma ikanipigia honi. Unasema wazee wamekubali kuuza shamba la mikarafuu la Mtambile, umempata bara mwenye Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, anataka dola kwa saa, saa 80 kila mwezi uruke usiruke, mkataba wa mwaka mzima, na Ijumaa mnatia saini. Halafu unatuuliza leseni inapatikana wapi, mfumo gani wa kukatia tiketi, mkia upakwe rangi gani, na kituo kiwe Kisauni, kiwanja cha Unguja, au Wawi, cha Pemba. Yakhe! Nyumba inaungua, wewe unauliza mapazia.

Hayo maneno "uruke usiruke" ndiyo yaliyonimaliza mie mwaka 2023.

Mkataba wangu ulikuwa pacha wa huo wako. Ndege, marubani, matengenezo na bima juu ya mwenye ndege. Mafuta, ada za uwanja, ofisi na vijana wa kaunta juu yangu. Dola 650 kwa saa, saa 80 kwa mwezi, na amana ya miezi miwili mbele, yaani dola 104,000. Unguja kwenda Pemba ni kama nusu saa, kwenda na kurudi saa moja. Kwa hiyo saa 80 ni safari 80, hazifiki hata tatu kwa siku. Nikajiambia, tatu kwa siku zitanishinda? Wapemba wote hawa waliojaa mjini?

Na hesabu hiyo sikuipiga peke yangu, nilimlipa mtu anipigie. Mshauri, kaletwa na shemeji yangu, viatu vimechongoka kama ncha ya ngalawa. Akaja na projekta yake, akatandaza ukutani: viti vitakavyojaa, wastani wa mwaka, asilimia 72. Ukifika 60, ati, umeshaanza kula faida. Nikamuuliza, masika je? Akanambia, "Masika imo humo ndani ya wastani." Nilimlipia hoteli mtu huyu! Kwa wastani maji ya Jambiani yanafika kiunoni. Haya, nenda siku ya bamvua yamekupwa, uone ngalawa yako itaelea juu ya huo wastani.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mwaka ule Ramadhani ilianza mwishoni mwa Machi, Idi ikaangukia Aprili, mvua imo katikati. Mwezi wa Ramadhani nani anapanda ndege kama hana dharura? Harusi hakuna. Semina zimesimama. Hoteli kadhaa za Pemba hufunga milango masika, kwa hiyo hata wale wazungu wa kuzamia hawapo. Machi niliruka saa 47, Aprili 31, Mei 34. Piga mwenyewe: saa 128 sikuziruka na nilizilipia. Dola 83,200. Dola siku zile ilikuwa kama 2,350, kwa hiyo ni zaidi ya milioni 195 za madafu, na sikununulia lita ya mafuta wala tairi. Nilinunua hewa, tena hata hiyo hewa sikuipita. Mwisho wa mwaka dola ikawa imefika 2,500, na mie nauli nakusanya kwa shilingi.

Wanaojiandaa kuandika hapa chini kwamba sikuwa na akili: kweli, na nimeshalipa faini kwa dola, niacheni.

Nikupe siku moja tu. Siku mbili kabla ya Idi, simu zilianza daku haijaisha. Viti vya kwenda Pemba vinagombaniwa, mpaka watu wa ukoo nisiowajua wakanikumbuka. Pale kaunta akaja mama mmoja na begi la nguo za watoto, sanduku la vyombo, na keki ya ghorofa mbili kaikumbatia kifuani. Kijana wa mizani akamwambia, "Mama, kilo 15 mwisho." Akajibu, "Begi pima, sanduku pima. Keki hii si mzigo, ni mgeni wangu." Tukacheka, keki ikapakatwa, ndege ikaondoka na abiria 12. Mie nikaandika kwenye daftari: IMEJAA, kwa herufi kubwa, kama mtoto aliyepata sufuri akaidhani yai. Baada ya muda rubani ananipigia kutoka Wawi: "Bosi, kurudi nina mtu mmoja." Mmoja! Mzee anakwenda kliniki Mnazi Mmoja, naye tiketi kakatiwa kwa mkopo. Siku ile tulikwenda mara nne: watu 48 kwenda, watu watano kurudi.

Kwenye laptopu ya mshauri hiyo ni asilimia 55. Si mbaya, angesema. Sasa tia fedha ndani yake. Mkaazi nilimtoza 130,000. Viti 12 vikijaa ni 1,560,000, kama dola 660 hivi. Kodi ya ndege kwa hiyo saa moja ni 650. Maana yake ndege iliyojaa kwenda inalipa kodi ya ndege tu, inabakisha nauli ya daladala. Mafuta (Caravan inakunywa kama lita 190 kwa saa), ada ya kutua mara mbili, kaunta, mishahara, vyote vinamngojea abiria wa kurudi, na abiria wa kurudi yuko kwa mamake Wete anakunja sambusa. Usiniambie ningepandisha nauli. Boti inatoka Malindi inamshusha mtu Mkoani kwa sehemu ndogo ya bei yangu. Ukipandisha kidogo tu, unawapelekea wenye boti zawadi ya sikukuu.

Basi shika hili, mengine hata ukiyasahau si neno: saa za lazima zisizidi saa utakazoruka katika mwezi wako mbovu kuliko yote, na mwezi huo uuhesabu kwa viti vya kurudi. Si kwa wastani. Si kwa Agosti. Mie leo ningesaini saa 30, basi, hata kama mwenye ndege atapandisha saa mpaka dola 750. Aprili yangu ya saa 31 ingenigharimu 23,250 badala ya 52,000. Mwezi wa msimu nikiruka saa 80 ningelipa 60,000, yaani 8,000 zaidi ya mkataba ule wa kitanzi, na ningezilipa nacheka kwa sababu mwezi huo abiria wapo.

Atakwambia haiwezekani, naye ana gharama zake. Anazo kweli: bima na mishahara ya marubani havingoji ndege iruke. Lakini muulize swali ambalo mie sikulijua. Injini ya Caravan, hiyo PT6A, inafunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa ikifika saa 3,600, na kila saa unayolipia kuna fungu linalowekwa akiba kwa kazi hiyo. Saa isiyorukwa haikuila injini. Sasa mbona na fungu hilo nilipe? Zile saa zangu 128, injini imelala chini ya turubai, nimeichangia matibabu ya ugonjwa ambao haikuugua! Mshauri hakunambia, mwenye ndege ndiyo kabisa, alikuwa ananiita "partner" na kuniulizia watoto.

Na usidanganyike kwamba msimu utafidia. Julai niliruka 94, Agosti 97. Nilizilipa zote, za ziada juu, wala hazikupunguza hata dakika moja ya deni la Aprili, kwa sababu mkataba ulihesabu mwezi kwa mwezi. Kama atashikilia hizo saa zake, basi azihesabu kwa mwaka, 960, mzigo wa Agosti ubebe wa Aprili. Hiyo ni nafuu, si tiba. Tiba ni saa 30.

Wala usidhani ni ujinga wa sisi wadogo tu kuchukua chombo kuliko soko. Fastjet, shirika la ndege za bei nafuu, walianza bara mwaka 2012 na Airbus A319 za viti zaidi ya 150, 2016 wakashuka kwenye Embraer 190, ndege ndogo zaidi, na 2018 ilipokwisha hawapo tena. Wao walikuwa na wanahisa London. Wewe una mikarafuu ya babu.

Leseni: usiende kuzunguka afisi za Unguja. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, mambo yako yako TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mamlaka ya viwanja ya Zanzibar utaonana nayo kwa kiwanja na ada. Na kwa ukodishaji wa namna hii unaruka chini ya cheti cha uendeshaji cha mwenye ndege, kwa hiyo omba ukione cheti chenyewe, na tarehe yake, kabla hujakaa naye mezani.

Nakuomba sana, mwambie mzee hati ya Mtambile isitoke kabatini wiki hii. Ijumaa ukimpigia huyo jamaa ukamwambia una homa hutakuwa umesema uwongo, mie nimeshaipata kwa niaba yako. Ule ukurasa wa saa za lazima upige picha, ziba majina, uweke hapa usiku huu. Niko macho mpaka saa sita.