Cheti cha Muungano, leseni ya Zanzibar: kwa wanaoanza kazi ya fiziotherapia

Kijana anayemaliza fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli) Moshi au Dar es Salaam, akashuka boti Malindi, Unguja, na bahasha ya vyeti kwapani, hudhani kilichobaki ni kutafuta ajira tu. Cheti kinathibitisha kuwa umesoma. Ruhusa ya kumshika mgonjwa Unguja au Pemba inatolewa na mamlaka nyingine kabisa, na ukianza kazi kabla ya kuipata, siku likitokea la kutokea hakuna cheti kitakachokusimamia.

Mkanganyiko huu una mzizi wake kwenye Katiba. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ina orodha ya mambo 22 ya Muungano. Elimu ya juu imo, Baraza la Mitihani limo, uhamiaji umo, kodi ya mapato imo. Afya haimo. Ndiyo maana matokeo ya kidato cha nne yanatoka NECTA, yaani Baraza hilo la Mitihani, uwe umesoma Chake Chake au Tabora, na shahada ya nje inapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ikatambuliwe bila kuulizwa unakaa upande gani. Lakini leseni ya kutibu Zanzibar hutolewa na chombo cha Zanzibar, chini ya Wizara ya Afya Zanzibar, kwa sheria iliyopita Baraza la Wawakilishi. Wenzetu madaktari wa Bara wana Baraza la Madaktari Tanganyika, na wanaolicheka jina hilo kuwa la kizamani hawajaelewa: limeandikwa Tanganyika kwa sababu mamlaka yake yanaishia huko.

Kwa hivyo leseni ya Bara haivuki bahari. Aliyefanya kazi miaka sita Mwanza akija Zanzibar anaomba upya, na wa Wete akihamia Tanga naye ataomba upya kule. Uzoefu unahesabiwa, leseni haihami.

Tofautisha pia usajili na leseni, maana hata wakongwe huvichanganya. Usajili ni jina lako kuingia kwenye daftari la Msajili wa kada yako, nawe ukapewa namba. Leseni ni ruhusa ya muda ya kufanya kazi kwa usajili huo, na ina tarehe ya kumalizika. Mtu huonyesha cheti cha usajili kilichotiwa fremu ukutani, kumbe leseni imekufa miezi minne. Siku zote hizo alikuwa akitibu bila ruhusa, na kulipa ada baadaye hakuzifuti. Andika tarehe ya mwisho kwenye simu na uweke ukumbusho siku 90 kabla. Siku 90 zinaonekana nyingi mpaka uanze kusaka vyeti vya mafunzo endelevu ulivyovitupa kwenye droo. Kila semina ukitoka nayo cheti, kipige picha siku ile ile.

Sasa faili la maombi. Kinachokwamisha wengi ni jina, kuliko alama za mtihani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Juma Khamis, cha NECTA kinasema Hamisi Juma, diploma imeandikwa Khamis J. Makame kwa sababu chuoni mtu alijaza jina la ukoo. Kwa mama yake ni mtoto mmoja, kwa karani ni watu watatu. Panga kwenye meza cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya skuli na vya chuo, usome herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia kwa kawaida hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa limebadilika zima, unahitaji hati ya kubadili jina. Na aliye bado chuoni ana bahati: aende ofisi ya usajili ya chuo kabla vyeti havijachapwa. Wiki mbili za usumbufu sasa zinakuokoa na miezi baadaye.

Mbali na hayo, andaa matokeo ya kila muhula, barua ya kumaliza utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya chuo, kama kiwango chako cha elimu kinaudai (iwe na tarehe ya kuanza, ya kumaliza na vitengo ulivyopita), na picha za pasipoti. Nakala zithibitishwe na wakili aliyeona cheti halisi. Kosa la kila siku: mtu anathibitisha nakala moja, halafu anaipeleka stesheneri kutoa nakala tano. Hizo tano ni picha za muhuri, si muhuri. Toa nakala kwanza, zigongwe zote kwa pamoja.

Ada lipa kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe usitume kwenye simu ya mtu anayesema atakuharakishia. Kiwango ukiulize ofisini wiki unayolipa, usikichukue kwa aliyeomba mwaka juzi. Aliyeko Pemba asipande boti kwa karatasi moja. Aulize kwanza ofisi za Wizara kisiwani humo nini kinapokelewa pale pale.

Ukishaipata leseni, jifunze mipaka yake, kwani hapa ndipo wageni wa kazi wanapoteleza bila kujua. Zanzibar kila mwenye koti jeupe ni "dokta". Mgonjwa akikuita hivyo mwache, ni heshima. Lakini usiliandike wewe: lisionekane kwenye muhuri, kwenye kibao, wala kwenye barua ya rufaa. Likitoka mdomoni kwa mgonjwa ni adabu yake, likitoka kwenye kalamu yako ni kujidai kada usiyosajiliwa.

Kisha kuna maombi ya pembeni. "Nichome basi na ile sindano ya maumivu, sanduku liko hapo." Diklofenaki si kazi yako, kuichoma wala kuiandika. Picha ya eksirei unaweza kuitazama ili upange mazoezi, ila ripoti ya kuwa mfupa umevunjika au haukuvunjika ina mwenyewe. Na semina ya siku mbili, hata ikiwa na cheti cha rangi, haipanui leseni. Ukitaka kufanya mbinu ambayo hukufundishwa chuoni, kwa mfano kuivuta shingo kwa kishindo, muulize Msajili kwa maandishi na uhifadhi jibu.

Mpaka mwingine ni wa kujua pa kusimama. Mgonjwa wa mgongo anayesema amekufa ganzi sehemu anayokalia, au mkojo umegoma, au miguu yote miwili inalegea, hana haja ya mazoezi siku hiyo. Anahitaji hospitali sasa hivi. Kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na kuuma, kwa mtu aliyelazwa muda mrefu au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, usikikande; huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuichua kunaweza kuiachia ikapanda mapafuni. Ukimpeleka mbele, andika saa, ulichokiona, na uliyemkabidhi. Malalamiko yakifika mezani kwa baraza la kada yako, mara nyingi swali huwa "ulifanya nini ulipoona?", na linajibiwa kwa faili.

Faili lenyewe. "Anaendelea vizuri" si maandishi ya kitaalamu. Andika goti linakunja nyuzi ngapi kwa gonyomita (kipimo cha pembe ya kiungo), maumivu mangapi kati ya 0 na 10, nguvu ya msuli ngapi kati ya 0 na 5, umempa zoezi gani, mara ngapi, na amekubali nini. Ridhaa si saini ya siku ya kwanza tu. Kila unapobadilisha tiba unaeleza upya na unaandika kuwa umeeleza. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, saini, tia tarehe. Wino mweupe unafanya hata neno la kweli lionekane la uongo.

Vifaa vya joto vinastahili aya yao, kwa sababu jeraha la moto halihitaji shahidi, linaonekana. Pakiti za joto hukaa kwenye maji ya nyuzi 70 hadi 75 za Selsiasi. Baina ya pakiti na ngozi weka taulo kavu, tabaka sita hadi nane, zaidi kwa mzee mwembamba. Kabla ya yote pima hisia za ngozi kwa kitu cha moto na cha baridi, hasa mwenye kisukari au aliyepata kiharusi, maana huyo ataungua akiwa anakwambia "raha tu". Chungulia ngozi baada ya dakika tano. Mashine za umeme na altrasaundi: uliza mimba, saratani, kifaa cha moyo, na andika majibu. Na mashine ya msaada kutoka Marekani isome mgongoni kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa volti 110 pekee, umeme wetu wa 230 utaiua siku ya kwanza.

Huduma ya nyumbani ina mitego yake. Wagonjwa wa kiharusi wengi hawafiki hospitali mara tatu kwa wiki, kwa hiyo utaitwa Fuoni, utaitwa Konde. Mtaalamu mwanamume akimhudumia mwanamke, jamaa yake awepo chumbani, sehemu isiyotibiwa ifunikwe, na jina la aliyekuwepo liandikwe. Hii ni adabu ya kwetu na ni kinga yako pia. Mwajiriwa wa serikali apate ruhusa ya mwajiri kabla ya kazi za jioni, na asimhamishe mgonjwa wa hospitali kwenye orodha yake ya malipo. Hilo la pili limewaharibia watu majina kuliko hata makosa ya tiba.

Ukifikiria kufungua kituo chako, elewa kuwa leseni yako ni ya mtu, si ya nyumba. Kituo binafsi cha afya kina idhini yake, na ukaguzi wa vituo binafsi Zanzibar unapitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Jina la biashara linasajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, namba ya mlipakodi inatoka TRA kwa kuwa kodi ya mapato ni ya Muungano, na kodi nyingine nyingi za ndani ziko ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mpangilio ndio unaowaangusha watu: wanalipa kodi ya pango ya mwaka mzima Mwanakwerekwe, ghorofa ya pili, ndipo wanaomba mkaguzi. Kiti cha magurudumu kinapandaje huko? Pima kabla ya kulipa. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi. Ngazi ya sentimita 20 inataka njia ya mteremko yenye urefu wa mita 2.4, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Kama mbele ya mlango kuna barabara, hiyo mita 2.4 huna. Mji Mkongwe ni shida zaidi, kwa vile ni urithi wa dunia tangu 2000 na huwezi kubomoa kizingiti bila idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Usiazime leseni. Mwenye kituo atakuomba uitundike yako ukutani, "wewe uje Jumamosi tu", na siku tano nyingine anatibu kijana asiyesajiliwa. Akiungua mgonjwa Jumanne, jina lililo ukutani ni lako.

Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje huajiri wataalamu wetu kwenye spa, na hakuna ubaya mtu kukanda kwa mshahara. Ubaya ni kuuza masaji kwa jina la fiziotherapia. Mtalii aliyeteguka kifundo atataka ripoti kwa ajili ya bima yake, na bima itauliza namba ya leseni na idhini ya kituo. Wachuaji na waunga mifupa nao wana baraza lao, la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria nyingine. Wasalimie, pelekeaneni wagonjwa kwa heshima, lakini msichangie kibao.

Mgeni wa kujitolea kutoka Ulaya akiletwa kwenye kitengo chako, uliza karatasi tatu kabla hajagusa mtu: kibali cha kazi, kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na usajili wa muda. Viza ya utalii si mojawapo. Ukikubali kuwa msimamizi wake kwa maneno tu, makosa yake unayarithi.

Na wenye ndoto ya Muscat au Dubai waanze mapema. Nchi za Ghuba huthibitisha vyeti kwa kuviuliza vyuo na mabaraza yenyewe, na huomba barua ya mwenendo mwema kutoka kwa Msajili. Uliza mapema kama barua hiyo inatakiwa itoke ofisini kwake kwenda kwao moja kwa moja, au unaweza kuiwasilisha mwenyewe. Uzoefu huhesabiwa tangu tarehe ya leseni, na pengo lisiloelezeka baina ya leseni mbili huulizwa. Hapo ndipo ile miezi minne ya kusahau ukutani inapojitokeza tena, safari hii ikiwa imetafsiriwa Kiarabu na kugongwa muhuri.